Giaboksi ya otomatiki ikishtuka safari ya kwanza: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo

Gari la otomatiki likishtuka linapobadilisha gia, mtu wa kwanza kuulizwa husema giaboksi imekufa, itafutwe nyingine. Mara nyingi haijafa. Huwa ni oili iliyopungua au isiyo yake, betri iliyotolewa garini na kompyuta ikasahau, mauntingi (mpira unaobeba injini na giaboksi) iliyochanika, au injini inayomisi, yaani isiyochoma mafuta sawasawa. Yote haya humfikia dereva kwa namna moja, yaani mshtuko mgongoni, na ndiyo maana watu hununua giaboksi wasiyoihitaji. Kinachoyatenganisha ni wakati. Gari lashtuka ukiingiza D? Likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili? Likiwa kwenye mwendo wa 70 uliotulia? Likiwa baridi tu, au likishapata moto? Ukiweza kujibu maswali hayo, nusu ya kazi imekwisha kabla hujashika spana.

Mwongozo huu unahusu safari ya kwanza kwa maana mbili: siku ya kwanza unayokabidhiwa gari, na mwendo wa kwanza wa asubuhi baada ya gari kulala. Ukiweza, zifanye mbili hizo kuwa moja. Muombe muuzaji gari lilale bila kuwashwa, uje ulikute baridi. Fika mapema, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, gari limeshapashwa, na dalili za baridi zimeshafichwa. Rudi kesho.

Jua kwanza una giaboksi ya aina gani

Hatua hii ni fupi lakini ukiikosea, kila kinachofuata hakina maana. Otomatiki ya kawaida ina torki konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) na gia nne, tano, sita au zaidi, na kila badiliko unaweza kulihesabu kwenye geji ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). CVT haina gia za kubadilisha. Ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Toyota Axio na Fielder za miaka ya karibuni, Nissan Note na Honda Fit nyingi za petroli ni CVT. Honda Fit haibridi ya mwaka 2013 na kuendelea, ile ya kabla ya umbo jipya la 2020, ina klachi mbili kavu na gia saba, na kushtuka kidogo kwenye mwendo wa kutambaa ni tabia yake. Mtu akikuambia "CVT yako inachelewa kuingiza gia ya tatu", tafuta fundi mwingine.

Kabla ya kuwasha

Ingia chini ya gari na tochi. Kama gari lililala kwako, tandika kipande cha katoni chini ya injini usiku. Tone jekundu au la kahawia lililo laini vidoleni huenda ni oili ya giaboksi. Angalia lilikotoka: palipoungana injini na giaboksi (sili, yaani mpira wa kuzuia oili, ya mbele ya konvata), penye shafti za magurudumu, au kwenye mabomba yanayopeleka oili kwenye rejeta. Mabomba hayo yatazame kwa makini zaidi hapa kwetu pwani ya Kenya. Gari lililokaa miaka Malindi, hasa nyumba za karibu na ufuo, hupata kutu ya chumvi penye vikamatio vya mabomba, mahali maji ya chumvi yanapojificha.

Pima betri kwa mita kabla ya kuwasha chochote. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.4 hadi 12.6. Ikiwa chini ya 12, usiamini dalili yoyote ya giaboksi siku hiyo, kwa sababu solenoidi, yaani vali zinazoelekeza oili, huongozwa kwa umeme, na kompyuta yenye umeme hafifu hutoa amri zisizo sawa. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.5 na 14.7.

Uliza pia kama betri imetolewa au imekufa hivi karibuni. Gari lililoshuka meli Mombasa huwa limekaa wiki kadhaa, na betri yake mara nyingi imetolewa, imekufa au imebadilishwa bandarini. Kompyuta ya giaboksi huwa imejifunza kwa miaka ni shinikizo kiasi gani la oili litumike kwa kila klachi ya ndani ya giaboksi, iliyolika kiasi. Katika gari nyingi, umeme ukikatika hesabu hiyo hufutika na kurudi ile ya kiwandani. Ndiyo maana gari zuri kabisa linaweza kushtuka kutoka Mombasa mpaka Mtwapa, likalainika Kilifi, na likafika Malindi kama jipya. Hizo ni kilomita 120 hivi za kujifunza upya. Likifika Malindi likiwa linashtuka vilevile, basi tatizo si kusahau.

Oili: hapa ndipo pa kukaa sana

Kama giaboksi ina dipstiki (kijiti cha kupimia oili), shida ni kwamba kila kampuni ina njia yake ya kupima, na ukipima Honda kwa njia ya Toyota utajaza kupita kiasi.

Toyota hupimwa injini ikiwaka, gari likiwa P kwenye uwanja ulio sawa, oili ikiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kutoka P mpaka L na kurudi, kaa sekunde chache kila nafasi, kisha vuta dipstiki, pangusa, rudisha, vuta tena. Oili iwe kati ya alama mbili za HOT. Alama za COOL ni za makadirio tu. Honda yenye dipstiki hupimwa injini imezimwa, ikiwa na joto, ndani ya sekunde 60 hadi 90 baada ya kuzima.

Giaboksi isiyo na dipstiki hupimwa kwa plagi ya kumwagikia iliyo chini. Gari linainuliwa likiwa limelala sawa pande zote nne, injini inawaka, na plagi inafunguliwa oili ikiwa na joto lililotajwa kwa giaboksi hiyo. Kwa Toyota nyingi ni karibu na nyuzi 40. Oili ikitoka kwa matone ya polepole, kiasi ni sawa. Isipotoka, imepungua. Ikimwagika, acha imwagike mpaka ibaki matone. Joto lisomwe kwa skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), lisikadiriwe kwa mkono. Kwetu, ambako hata asubuhi hewa huwa na nyuzi 25 hivi, oili hufika 40 upesi sana, na fundi akichelewa kufungua plagi oili hutanuka na kumwagika zaidi. Akifunga hapo, giaboksi itakuwa pungufu ikishapoa, na asubuhi inayofuata gari litachelewa kushika D. Hili ni kosa la kawaida mno baada ya "sevisi".

Sasa dondosha tone moja la oili juu ya karatasi nyeupe ya shashi, uliache dakika kumi. Oili nzima husambaa kwa duara pana lenye wekundu au ukahawia mwepesi unaopenya mwanga. Oili iliyochoka husambaa kidogo na kuacha kitovu cheusi. Kitovu kikiwa na chembe unazozihisi ukisugua, hizo ni klachi zinazolika. Inuse pia: harufu ya kuungua haina mfano mwingine, na oili nyeusi inayonuka hivyo ni habari mbaya.

Rangi ya kuogopwa kuliko zote ni ya waridi iliyovurugika kama maziwa. Hayo ni maji. Katika gari nyingi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya tangi la rejeta, na ukuta mwembamba tu ndio unaoitenga na maji. Malindi watu wengi hujazia rejeta maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Chumvi hula ukuta huo kidogo kidogo mpaka utoboke. Maji yakiingia, gundi ya vitambaa vya klachi hulainika na vitambaa hubanduka. Ukiona rangi hiyo usiwashe tena gari, hata kulisogeza kivulini. Na kama rejeta yako bado nzima, jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotolewa madini; hakuna kinga ya giaboksi iliyo rahisi kuliko hiyo.

Mwisho wa oili ni aina. Oili za WS na T-IV za Toyota hazifanani uzito. WS ni nyepesi zaidi. CVT za Toyota hutumia TC kwa zile za zamani na FE kwa za baadaye. Nissan Note ya umbo la 2012 hutumia NS-3, Honda Fit ya CVT ya mwaka 2013 na kuendelea hutumia HCF-2. Oili ya otomatiki ya kawaida ndani ya CVT huruhusu mkanda kuteleza na kukwaruza puli, na mkwaruzo huo hauponi kwa kubadilisha oili. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani usihofu, jina la oili limeandikwa kwa herufi zetu.

Kuwasha na kuingiza gia

Washa, usikanyage mafuta. Injini baridi itapanda RPM 1,200 hadi 1,500. Ukiingiza D wakati huo, mshtuko ni wa haki, kwani konvata inazungusha oili kwa kasi na klachi inashika ghafla. Subiri ishuke chini ya 900, kisha pima. Isiposhuka hata baada ya dakika kadhaa, tatizo liko kwenye injini: throto bodi (mlango wa hewa ya injini) chafu au hewa inayoingia kwa njia ya panya.

Kanyaga breki, toa N ingiza D, na uhesabu mpaka gari lisogee mbele kidogo kama linalotaka kwenda. Rudi N, kaa dakika nzima, ingiza R. Fanya mara tatu kila upande, chukua wastani. Kipimo cha Toyota, oili ikiwa na nyuzi 50 hadi 80, ni chini ya sekunde 1.2 kwa D na chini ya sekunde 1.5 kwa R. Tumia kitufe cha kupima muda kwenye simu, mtu wa pili akishika. Kwa gari baridi nafasi ndogo ya ziada inakubalika. Sekunde tatu haikubaliki popote.

Ikichelewa D na R zote mbili, waza oili pungufu, filta iliyoziba, au konvata iliyomwaga oili yake usiku. Ukiona asubuhi tu ndiyo inachelewa, na ukizima na kuwasha tena iko sawa, ni hiyo ya mwisho. Ikichelewa upande mmoja tu, klachi au sili ya upande huo imechoka, na oili mpya haitaiponya.

Ikishika kwa wakati lakini kwa kishindo, usiseme giaboksi bado. Fungua boneti, mtu mmoja asimame kando ya gari, kamwe si mbele yake, dereva avute breki ya mkono, akanyage breki ya mguu sana na kubadilisha D, R, D. Injini ikitikisika kwa kuruka, au ikiinuka upande mmoja, mauntingi imechanika. Mauntingi za mpira huchoka upesi kwa barabara zetu za matuta na vumbi. Gari la magurudumu ya nyuma, ingia chini ushike propela shafti kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, uzungushe huku na huku. Ukisikia "tak" kwenye krosi (viungo vya shafti hiyo), umepata chanzo chako kwa bei ndogo.

Barabarani

Toka mjini Malindi ukielekea Msabaha na Gede. Ndani ya mji kuna tuktuk na matuta, panafaa kwa jaribio la mwendo mdogo. Nje ya mji pana nafasi ya mwendo uliotulia. Usiwe na haraka. Kanyaga mafuta kwa wepesi, karibu robo ya kanyagio, na utazame RPM.

Kwa gari la gia nne linalokwenda taratibu, ya pili huja kwenye mwendo wa 15 hadi 20, ya tatu 30 hadi 40, ya nne 50 hadi 60. Injini ikiwa bado baridi ya nne inaweza kukataa kuja, kompyuta huizuia makusudi ili injini ipate moto. Hiyo si hitilafu.

RPM ikiruka juu katikati ya badiliko, kisha gari lishike kwa mshindo, klachi inateleza kabla ya kushika. Chanzo ni shinikizo dogo: oili, solenoidi, au klachi yenyewe. Andika ni kati ya gia gani na gani. Ikiwa ni badiliko moja tu, shida ni ya klachi au solenoidi moja.

Mabadiliko yote yakiwa magumu, kutoka la kwanza mpaka la mwisho, kuna uwezekano mkubwa kwamba kompyuta imekosa taarifa fulani. Waya wa solenoidi ya shinikizo ukikatika, giaboksi huachia shinikizo la juu kabisa ili kulinda klachi zisiteleze, nawe unalipa kwa mishtuko. Taarifa mbovu kutoka sensa ya hewa au ya throto huleta hali hiyohiyo. Hili linatibika bila kushusha giaboksi, na ndilo linaloniuma zaidi ninapoona watu wakibadilisha boksi nzima kwa ajili ya soketi iliyoota kutu ya kijani.

Mtetemo kwenye 60 hadi 80, kama vile unapita juu ya mistari ya kuamsha madereva, una vyanzo viwili vinavyofanana. Shikilia mwendo, mguu wa kulia usisogee, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa tu. Hakikisha nyuma yako hakuna gari. Breki inafungua klachi iliyo ndani ya konvata, na RPM itapanda kwa 200 hadi 400. Mtetemo ukikoma papo hapo, ni klachi ya konvata, na mara nyingi oili mpya sahihi huutuliza. Usipokoma, na ukawa mbaya zaidi unapokanyaga mafuta kupanda kilima, angalia plagi za kuwashia injini na koili. Injini inamisi.

Ukikaribia kusimama, sikiliza mwendo wa 15 kushuka mpaka sifuri. Kishindo cha hapo, kama mtu amekugonga nyuma kidogo, huletwa na throto bodi chafu, mauntingi, au kompyuta iliyosahau. Kwenye CVT kishindo hicho huonyesha puli haikurudi mahali pake kwa wakati, na aghalabu vali bodi (kitengo cha vali zinazogawa oili ndani ya giaboksi) ndiyo ya kuchunguzwa.

Endesha angalau dakika 40, kisha urudie jaribio la N kwenda D na R. Gari lililokuwa laini asubuhi na sasa linachelewa au kuteleza lina sili zilizochoka au vali bodi iliyolika: oili ikipata moto huwa nyepesi na kupenya kila ufa. Kinyume chake, gari gumu asubuhi na laini likipata moto lina oili nzito isiyo yake, au sili zilizokakamaa. La kwanza ni baya zaidi.

Kusoma kodi

Soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, kabla ya kutoa betri au soketi yoyote, la sivyo utafuta ushahidi. Skana iweze kuingia kwenye kompyuta ya giaboksi. Ile ndogo ya simu mara nyingi husoma injini tu. P0700 haisemi kitu zaidi ya "niulize giaboksi". P0705 ni swichi ya mkono wa gia, P0710 sensa ya joto la oili, P0715 na P0720 ni sensa za mwendo, P0730 na ndugu zake husema gia haishiki uwiano wake, P0741 ni klachi ya konvata, P0750, P0755 na P0760 ni solenoidi. Toyota za zamani huwasha na kuzima taa ya O/D OFF, Honda hupepesa herufi D. Ukiona P0300 (injini inamisi) au P0101 (sensa ya hewa) pamoja na hizo, tengeneza injini kwanza.

Kwa kodi ya solenoidi au sensa, anza na soketi. Toa nguzo hasi ya betri, fungua soketi ya giaboksi, tafuta ukijani kwenye pini na oili iliyopanda ndani ya waya. Safisha kwa dawa ya kusafisha umeme, acha ikauke, paka grisi ya umeme kidogo, rudisha. Futa kodi, endesha, soma tena. Kodi ikirudi ileile, sasa pima solenoidi kwa mita.

Kubadilisha oili bila kuharibu

Kufungua plagi ya kutolea oili hutoa sehemu tu, kwa gari ndogo lita 2.5 hadi 3.5 kati ya 6 hadi 8 zilizomo. Nyingine imebaki kwenye konvata na mabomba. Pokea kwenye chombo chenye vipimo, na urudishe kiasi kilekile kilichotoka, kisha upime. Endesha siku chache, rudia, mara tatu kwa jumla. Usikubali mashine ya kusukuma oili kwa nguvu kwenye giaboksi ya zamani isiyojulikana historia yake. Uchafu uliotulia huenda ukaziba vali bodi.

Sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi) ikishushwa, toa sumaku zilizomo na uzitazame kabla hazijapanguswa. Uji wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa vinavyoshikwa na sumaku vimetoka kwenye beringi, gia au sahani za klachi. Vipande vya rangi ya dhahabu visivyoshikwa ni vya bushi. Ukiviona hivi viwili, funga sampu, na uanze kuzungumzia ukarabati au giaboksi nyingine. Oili mpya itakuwa pesa iliyomwagwa mchangani.

Gari likiwa na maji kwenye oili, limeganda gia moja, au haliendi kabisa, lisikokotwe kwa kamba magurudumu yote yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa giaboksi huzunguka kavu. La magurudumu ya mbele linainuliwa mbele, la nyuma linainuliwa nyuma, na la magurudumu manne linapakiwa zima juu ya lori la kubeba magari.